Magitaa ya Tabora na albamu zilizochelewa njiani

WAPENZI wa muziki wa dansi nchini wanapotajiwa Tabora hukumbuka mambo mawili kwa haraka: wimbo wa Rangi ya Chungwa uliopigwa na Nyanyembe Jazz, na ule wa Dada Asha uliopigwa na Tabora Jazz, wana Segere Matata. Ni nyimbo ambazo hadi leo haziwezi kukosekana katika sherehe yoyote yenye wazee, na bendi za kisasa zinazopiga muziki wa zilipendwa huzipanga kwenye orodha yao kama vile mwalimu anavyopanga somo la lazima.

Hata hivyo, ukimuuliza mpenzi huyo huyo ni nani aliyepiga gitaa la solo katika nyimbo hizo, wengi hunyamaza. Na ukiuliza albamu ya kwanza ya mpiga gitaa huyo iliitwaje, swali lenyewe huonekana la ajabu. Kwa mwanamuziki wa leo albamu ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa: ina jina lake, picha yake na tarehe ya kutoka. Kwa wapiga gitaa waliokulia kando ya njia ya kale ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Katanga, cheti hicho ama hakikuandikwa kabisa, ama kiliandikwa mwenye jina akiwa mzee, na wakati mwingine akiwa amekwisha kufariki.

Sababu za hali hiyo hazihusiani na uhodari wa vidole. Zinahusiana na reli, redio, mpaka wa nchi na sahani ndogo ya santuri.

Mji wa njia panda

Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kazeh au Unyanyembe, ulikuwa mji wa kukutania kabla haujawa mji wa kiserikali. Msafara uliotoka mwambao wa Bagamoyo ulitembea kwa miezi kadhaa kabla ya kufika hapo. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kuingia Kazeh Novemba mwaka huo. Hapo njia iligawanyika: moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika kwa safari ndefu na kwa nyimbo za kutembelea na mzigo begani.

Wengine hawakurudi. Mmojawapo alikuwa Msiri, mfanyabiashara kutoka Usumbwa, jirani za Wanyamwezi, aliyekwenda Katanga kutafuta shaba na pembe, akajenga huko dola ya Wayeke yenye makao yake Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891. Jina hilo la Wayeke litarudi tena katika habari hii, safari hiyo likiwa limeshika gitaa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Misafara ya miguu ilikufa, lakini njia panda ilibaki pale pale. Kituo cha Tabora kikawa mahali pa kubadilishia treni, na penye abiria wanaosubiri treni hapakosi muziki. Mabaharia wa ziwani, askari waliomaliza mkataba, makarani na mafundi wa reli waliteremka hapo na vitu viwili vilivyobadilisha masikio ya mji: gramafoni na gitaa la mbao.

Jazz isiyo jazz

Msomaji wa leo anaweza kupotoshwa na neno lenyewe. Katika majina ya bendi za Tanganyika, jazz haikumaanisha muziki wa Wamarekani Weusi wa New Orleans au New York. Tangu Dar es Salaam Jazz Band ya miaka ya 1930, neno hilo lilimaanisha kundi la vijana wa mjini wenye ala za kigeni, wapigao dansi ya kuchezwa wawili wawili ukumbini, tofauti na ngoma na tofauti na taarabu. Kabla yake kulikuwa na beni, ngoma ya kuiga gwaride na tarumbeta za wazungu, iliyosambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Jazz ilirithi kutoka beni ule moyo wa chama: wanachama na viongozi, sare na mashindano.

Muziki wenyewe ulitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni Kuba, kupitia sahani za mfululizo wa GV zilizouzwa na kampuni ya His Master's Voice kuanzia miaka ya 1930, ambazo rumba yake ilipigwa hadi sahani zikachakaa. Ya pili ni Kongo. Na hapa Tabora ilikuwa na bahati ambayo Dar es Salaam haikuwa nayo. Kigoma iko ng'ambo tu ya ziwa kutoka Kongo, na watu wa Katanga na wa Tabora walielewana kwa Kiswahili, lugha iliyopelekwa huko na misafara ile ile. Rumba ya Leopoldville ilikuja na Kilingala kilichohitaji mkalimani. Gitaa la Katanga lilikuja na maneno ambayo karani wa Tabora aliyaelewa bila msaada.

Mfano mkubwa ni Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi sasa, akampiga rekodi ya wimbo wa Masanga. Kijana huyo wa umri wa miaka 22 hivi alicharaza gitaa moja kwa vidole viwili, gumba likitembea kwenye besi na kidole cha shahada kikijibu kwa juu, hata msikilizaji asiyemwona akadhani wapo watu wawili. Wapiga gitaa wa Afrika Mashariki walihangaika miaka mingi kuiga kazi hiyo. Na jina lake kamili lilikuwa Mwenda wa Bayeke, mtu wa ukoo wa wale Wayeke wa Msiri. Yaani mlio uliorudi Tabora kwa treni ulipigwa na kijana wa jamii iliyoondoka huko kwa miguu karne moja kabla.

Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe

Bendi tatu ziliufanya mji wa Tabora utajwe. Ya kwanza kupata jina ilikuwa Kiko Kids, iliyovuma chini ya uongozi wa Salum Zahoro, mwimbaji, mtunzi na mpiga ala za nyuzi, kuanzia kipindi cha kudai Uhuru. Baadaye zikatamba Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo upinzani wao katika miaka ya 1960 na 1970 uliugawa mji kama timu za Simba na Yanga zinavyougawa Dar es Salaam.

Kila bendi ya enzi hizo ilikuwa na mtindo, yaani mwendo wa kucheza na jina la kujitambulisha. NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na Kiweke, Dar es Salaam Jazz ilikuwa na Mundo. Tabora Jazz ilijitangaza kwa Segere. Mtindo ulikuwa kama alama ya biashara: mpenzi alikwenda kucheza Segere kwanza, na majina ya wapigaji yakaja baadaye, kama yalikuja.

Nyanda hizo za magharibi hazikuishia kulisha mji wa Tabora pekee. Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ilibeba katika jina lake Jimbo la Magharibi, yaani Western Province ya Waingereza, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Mtindo wao uliitwa Saboso, na mpiga solo wao Rashid Hanzuruni anatajwa na wanamuziki wakongwe kuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa gitaa waliopata kutokea nchini. Tukilinganisha na sifa hizo, kumbukumbu za maandishi juu yake ni chache mno.

Kutoka Kigoma alikuja Shem Ibrahim Karenga, aliyejiunga na Tabora Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwa sauti iliyotambulisha bendi hiyo kote Afrika Mashariki. Dada Asha ni wimbo wake. Karenga baadaye alihamia Dar es Salaam, akaongoza MK Beats katika miaka ya 1980, na alifariki dunia mwaka 2014. Mtu wa umaarufu huo, ambaye wimbo wake mmoja tu ungemtosha msanii wa leo kujenga nyumba, aliishi maisha ya kawaida ya mwanamuziki wa dansi: ukumbi hadi ukumbi, wiki hadi wiki.

Upande wa pili wa sahani

Kurekodi ndiko kulikokuwa na kikwazo. Studio haikuwapo Tabora. Bendi iliyotaka kusikika ilipanda treni hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, kwenda Radio Tanzania, RTD, chombo kilichozaliwa mwaka 1965 baada ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika kuwekwa chini ya serikali. Bendi nzima iliingia chumba kimoja, ikapangwa mbele ya vipaza sauti vichache, ikapiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Aliyekosea alirudisha wote nyuma. Sauti ilinaswa kwenye utepe, utepe ukawekwa kabatini, na wimbo ukaanza kuchezwa hewani. Redio ilimpa mwanamuziki umaarufu wa taifa zima, lakini haikumpa kitu cha kuuza. Mkanda ulikuwa mali ya redio.

Waliotaka sahani walilazimika kwenda mbali zaidi, Nairobi, ambako kulikuwa na studio za kibiashara na kiwanda cha kuzalisha santuri. Mikataba mingi ilikuwa ya malipo ya mkupuo: bendi ilipokea fedha, ikagawana, ikarudi nyumbani. Na bidhaa iliyotoka haikuwa albamu. Ilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye wimbo mmoja kila upande, au mara nyingi wimbo mmoja uliokatwa katikati na kuandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.

Mkato huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndio uliomtengenezea mpiga gitaa makao yake. Upande wa kwanza, usiozidi sana dakika tatu au nne, ulikuwa wa mwimbaji: utangulizi mfupi, beti, kiitikio, kisa cha mapenzi au cha nauli iliyopotea. Kisha ngoma ziliongeza mwendo na sahani ikaisha. Ilibidi mtu ainuke, aigeuze, aweke sindano tena. Upande wa pili ndio uliobeba kile ambacho wanamuziki wenyewe walikiita chemko, pale solo linapozunguka juu ya gitaa la pili na la ridhimu, besi ikijibu, na mwimbaji akibaki kutaja majina na kuhimiza. Wachezaji waliisubiri sehemu hiyo. Redio, yenye haraka zake, mara nyingi iliukata wimbo kabla ya kufika huko.

Kwa hiyo kazi bora za wapiga gitaa hao zipo, zimesambaa katika mamia ya pande za pili za sahani ndogo, zikiwa na jina la bendi tu kwenye karatasi ya katikati, pengine na jina la mtunzi. Jina la mpiga solo halikuwa na nafasi. Isitoshe, gitaa lenyewe mara nyingi halikuwa lake. Vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya tajiri aliyeidhamini bendi, na mpigaji aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu.

Sahani kubwa, yaani santuri ndefu ya nyimbo nane au kumi, ilipokuja kutolewa Afrika Mashariki kwa wingi kidogo katika miaka ya 1970, mara nyingi ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye sahani ndogo. Ile fikra ya albamu kama kazi moja iliyobuniwa kwa pamoja, yenye mwanzo na mwisho, haikuwa na soko. Gramafoni za vijijini zilikula sahani ndogo, na mfuko wa mnunuzi ulilingana nazo.

Kisha mpaka ukafungwa. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Bendi za bara zilipoteza njia halali ya kwenda studio za Nairobi katika miaka ile ile ambayo zilikuwa katika kilele cha ubora. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyopewa jukumu la santuri, ilikuwa na mpango wa kuwa na kiwanda cha sahani Dar es Salaam, mpango ambao haukufika mwisho. Mpaka ulipofunguliwa, kaseti ilikuwa imeingia mitaani, na kila mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa mchapishaji.

Walioipata albamu

Wapo waliofanikiwa kwa namna yao. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo na mwimbaji wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, ni mmoja wa wachache ambao jina lao binafsi liliuza sahani kuliko jina la bendi. Hata yeye, aliyefariki katika ajali ya gari Mombasa Januari 1979, sehemu kubwa ya sahani zake ndefu zinazojulikana leo ni ule mfululizo wa Ukumbusho, uliokusanya nyimbo zake za nyuma.

Habari ya Mwenda wa Bayeke ni ndefu zaidi. Mtu aliyeishangaza dunia kwa Masanga mwaka 1952 alisubiri hadi mwaka 1988, akiwa Cape Town, Afrika Kusini, ndipo akaingia studio kurekodi albamu akiwa na fursa ya kuchagua na kupanga nyimbo zake. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya barabarani. Kazi hiyo ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994. Kati ya rekodi ya kwanza na albamu hiyo ya studio ilipita miaka 36, na hadi wasikilizaji wa Marekani walipoipata madukani mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka minne.

Kwa upande wa Tabora, mfano ulio karibu zaidi ni Salum Zahoro. Mwaka 1993, kwa msaada wa shirika la kuhudumia wazee la HelpAge, wanamuziki wakongwe waliokuwa wamekosa vyombo na kazi walikusanywa Dar es Salaam na kuunda Shikamoo Jazz. Jina lilikuwa la heshima na la mzaha kwa pamoja, kwani ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, na bendi nzima ilistahili kuamkiwa. Kiongozi huyo wa zamani wa Kiko Kids alikuwamo. Mwaka 1995 bendi hiyo ilizuru Uingereza pamoja na Bi Kidude wa Zanzibar, na mwaka huo huo ilitoka CD yao ya Chela Chela chini ya lebo ya RetroTan.

Ingawa wahusika walikuwa na miongo mitatu au minne ya kazi nyuma yao, kwa maana ya kisheria na ya kibiashara hiyo ilikuwa albamu ya mwanzo ya bendi changa yenye umri wa miaka miwili. Wanahabari wa Ulaya waliipokea hivyo. Wasikilizaji wa nyumbani waliipokea kama kumbukumbu. Wote wawili walikuwa sahihi, na hapo ndipo penye uchungu kidogo: muziki ambao Tabora iliusikia ukiwa mpya, dunia iliununua ukiwa wa kale.

Kabati la mikanda

Sehemu kubwa ya urithi huo bado imo katika mikanda ya iliyokuwa RTD, ambayo sasa iko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. RTD yenyewe iliwahi kuuza kaseti za zilipendwa kutoka hazina hiyo, na tangu miaka ya 2010 zimekuwapo jitihada za kuihamishia mikanda katika mfumo wa dijitali. Baadhi ya nyimbo za bendi za miaka ya 1960 zimetolewa upya Ulaya na Marekani, kuanzia mkusanyiko uitwao The Tanzania Sound wa miaka ya 1980, na hivyo mwanafunzi wa Paris anaweza kuwa na nakala safi ya wimbo ambao mjukuu wa mpigaji anausikia kwa mikwaruzo.

Suala la haki nalo halijatulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaundwa chini yake, wakati bendi nyingi zilizohusika zilikuwa zimekwisha kuvunjika. Ili mtu alipwe, lazima kwanza ajulikane. Mtunzi aliyeandikwa kwenye sahani au kwenye daftari la redio ana pa kuanzia. Mpiga solo wa upande wa pili hana karatasi. Anachokuwa nacho ni ushahidi wa wenzake waliokuwa chumbani siku ile, na idadi yao inapungua kila mwaka.

Ndiyo maana kazi inayofanywa na watangazaji wachache wa vipindi vya zilipendwa, ya kutaja majina kabla ya kupiga wimbo, nani alikuwa kwenye solo, nani ridhimu, nani besi, ina thamani kuliko inavyoonekana. Kwa baadhi ya wapiga gitaa wa Tabora, sekunde kumi hizo za mtangazaji ndiyo orodha pekee ya wapigaji waliyowahi kuandikiwa. Kwa Rangi ya Chungwa na Dada Asha bado wapo wanaoweza kuikamilisha orodha hiyo, ikiwa mtu atakwenda kuwauliza.